Majina Manne ya Fundi Cherehani

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kukata funguo, pale barabara mbili zinapokutana na kila mpita njia hulazimika kupunguza mwendo, kwa hiyo hulazimika kusengenywa. Mwenye kibanda anaitwa Msajili. Hilo si jina alilopewa na mamake. Alilipata kwa kujipa kazi ya kuwabatiza wenzake, na jina akishakubandika halibanduki hata kwa maji ya moto. Mmoja wao alimwita Redio kwa sababu hazimiki. Sementi, mwashi mstaafu, aliitwa hivyo kwa kuwa akilishika jambo linagandia hapo hapo. Nafasi ya nne ya ubao ni ya fundi cherehani wa duka la pili, na asubuhi hiyo ilikuwa wazi. Chupa ya kahawa ilikuwa imejaa, na maneno yalishaanza bila yeye.

– Jana jioni nimemwona kwa macho yangu haya, alisema Redio. Kasimama mbele ya mlango wa duka lake, ufunguo mkononi, anauangalia tu. Manyunyu yanampiga. Nikamwambia, fundi, fungua basi! Akanitazama kama mimi ndiye kufuli.

– Ukamfungulia? aliuliza Sementi.

– Nilikuwa nawahi, bwana. Jirani ndiye aliyempeleka kwake. Lakini mimi nawaambieni, ile ni damu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Mnadhani walikuwa wanazungumzia undugu? Walikuwa wanazungumzia hospitali! Damu ikishakuwa nzito haipandi kichwani. Kichwa kiko juu, kama tangi la ghorofa.

– Acha zako. Damu inapanda vizuri sana, inakosa pa kushukia. Mtu kainamia cherehani tangu ujana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu ameinama mpaka damu yote imejikusanya kwenye paji. Ubongo umelowa. Na kitu kikilowa kinavimba, muulize fundi yeyote wa milango.

– Kwa hiyo tumuanike?

– Angelala chali mapema, tusingefika huku.

– Ubongo haulowi, Sementi, unakauka! Redio alijipiga paja. Pasi! Huyu amepiga pasi suruali za mji mzima. Ule mvuke unaingia puani, unapanda, unachemsha. Ubongo ni mafuta, na mafuta ukiyachemsha kila siku yanabaki masizi.

– Basi ongeza na vipimo, alisema Sementi, ambaye hakubali kuachwa nyuma. Kiuno, paja, mguu, kiuno, paja, mguu. Namba zikijaa kichwani zinayasukuma majina nje. Ndiyo maana ananiita kwa jina la marehemu kaka yangu.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alihitimisha Redio, na hakuna aliyemuuliza methali hiyo imefikaje hapo.

Msajili alikuwa anasugua ufunguo kwa tupa. Neno lilimjia tangu Redio alipoutaja mlango, na lilikuwa linamwasha ulimi. Alisubiri wenzake wameze kahawa kwanza.

– Mnahangaika bure, alisema. Mtu anayesimama mlangoni, haingii wala haondoki, anaitwaje?

Wakamgeukia.

– Bawabu.

Lo! Sementi kahawa ilimtoka puani. Redio aliinuka akasimama kama askari wa lindo, ameshika ufunguo wa hewani, akazidi kuwavunja mbavu. Msajili naye alicheka, kwa ile raha yake ya kukata ufunguo ukakubali mara ya kwanza.

– Shikamooni, baba zangu.

Binti wa fundi alikuwa amesimama nyuma yao, bahasha kubwa ya hospitali kwapani. Amesimama hapo kwa muda gani, hakuna aliyejua. Redio aliushusha mkono wake polepole.

– Marahaba, mwanangu, alisema Msajili. Vipi hali ya fundi? Tulikuwa... tunamzungumzia hapa.

– Nimewasikia.

Hakusema kwa hasira, na heri angesema kwa hasira. Aliketi kwenye nafasi ya babake, akaiweka bahasha mapajani.

– Tumetoka hospitali. Daktari ananiuliza maswali, mimi sijui la kujibu. Naishi mbali, nimerudi juzi tu. Baba mwenyewe akiulizwa anasema hana neno. Nikaona nije kwenu, maana nyinyi ndio mnaoshinda naye.

– Uliza, binti, uliza, alisema Redio.

– Wamempiga picha ya kichwa. Daktari anasema ni mishipa. Presha imekaa na baba miaka mingi, na ile mishipa midogo kabisa ya ndani ya ubongo, myembamba kuliko uzi, kuta zake zimekuwa nene na ngumu, njia ya katikati imekuwa finyu. Mmoja ukiziba, kile kipande kilichokuwa kinalishwa nao kinakosa damu, kinakufa. Kidogo tu, kama punje. Mtu haanguki, pengine hata haumwi. Baadaye unaziba mwingine, mahali pengine.

– Kwa hiyo si uzee? aliuliza Sementi.

– Si uzee. Wala si pasi.

Redio aliangalia viatu vyake.

– Amesema tena kuna kama nyaya zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, nazo zimeharibika. Ndiyo maana baba anaujua ufunguo, na mlango anaujua. Kuviunganisha ndiko kunakomshinda. Sasa anataka kujua ilivyoanza. Ilikuja polepole, kidogo kidogo kila siku? Au alishuka ghafla, akatulia, akashuka tena, kama mtu anayeshuka ngazi? Ikiwa ni ngazi, itawathibitishia kwamba ni mishipa, waibane presha asije akashuka nyingine. Ikiwa sivyo, kuna jingine la kutafuta. Kilichokufa hakifufuki, ila kilichobaki wanaweza kukilinda. Nyinyi mliona nini?

Redio, yule asiyezimika, alizima. Sementi alikuwa anapangusa kikombe kilichokwisha kuwa safi. Msajili alijua jibu. Alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila ngazi aliyoshuka fundi, yeye aliipa jina. Angeweza kusema hatukuona kitu, mwanangu, na binti angeshukuru akaenda zake, na kijiwe kingebaki kijiwe. Lakini ambaye angelipa ni fundi.

– Ngazi, alisema.

– Una uhakika, baba?

– Ninao. Mwaka juzi, wakati wa mvua, kikombe kilimponyoka hapa hapa. Mdomo ukaenda upande, akawa anaongea kama ana pamba kinywani. Kahawa haijapoa, akarudi sawa. Tukamwita Mvunja Vikombe.

Binti alikunja kidole kimoja.

– Akakaa vizuri mpaka harusi ya mtoto wa Sementi. Usiku alicheza muziki, asubuhi yake mguu hauinuki, anauburuta kama ardhi inauvuta. Tukamwita Sumaku.

– Nani aliyemwita?

– Mimi.

– Na sisi tukadakia, alisema Sementi.

– Halafu lile shati la mwalimu. Alilishona mikono miwili, yote ya kushoto. Fundi kama yule! Akakaa hapo analigeuza, analigeuza, haoni kosa liko wapi. Nikamwita Kushoto. Na leo...

– Leo nimesikia, baba.

– Na vidonge vya presha, alisema Redio kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake, mimi ndiye niliyemwambia aviache. Nilimwambia dawa ni ya mgonjwa, na yeye haumwi popote.

Binti alifumba macho kidogo. Kisha akarudia kwa vidole, kama anayejifundisha: kikombe, mguu, shati, mlango.

– Itamsaidia daktari, alisema. Asanteni.

Ile asante ndiyo iliyomchoma Msajili kuliko yote. Alitamani kusimama, akatamani kuomba radhi, akaishia kuishika tupa yake. Binti aliinuka, akachukua bahasha yake, akapiga hatua mbili, akageuka.

– Baba zangu. Mlipokuwa mnamwita hivyo, yeye naye alikuwa anacheka?

Sementi alimwangalia Redio. Redio alimwangalia Msajili. Msajili alirudi nyuma kichwani mwake akitafuta. Alikiona kikombe kimelala chini. Alimwona Sementi ameshika mbavu, akamwona Redio anajipiga paja, akaliona shati limeinuliwa juu wote walione. Uso wa fundi hakuuona popote, maana kila mara macho yake mwenyewe Msajili yalikuwa kwa waliokuwa wanacheka.