Mama Suzanne Etabo na Nguzo Alizozikataa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Mama Suzanne Etabo anafunga miaka ishirini na mmoja ya kazi katika huduma ya mataa ya barabarani hapa Baraka. Kazi yake ilikuwa kuchagua nguzo. Wageni watasema alichagua nyingi. Sisi tuliokaa naye bureau moja tunajua kwamba alikataa nyingi zaidi, na tunamsifu kwa zile alizokataa, apende mtu asipende.

Alianza Machi 2003, akiwa ameajiriwa kupiga barua kwa mashine. Mashine ikafa baada ya miezi mitatu. Chef, mkubwa wetu wa kazi, akamtuma depo, kwenye ghala letu, ahesabu nguzo kwa muda mpaka mashine nyingine ifike. Mpaka leo haijafika, na Mungu asaidie isifike.

Kosa lake hatutalificha, maana yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 2009 tulipeleka nguzo za miti kijijini Lubondja. Mama Suzanne alikagua tatu za juu ya rundo, akaona ni nzuri, akatia sahihi kwa zote. Mvua za mwaka wa pili zilipokuja, moja iliyokuwa imeliwa na mchwa kwa ndani ilianguka juu ya meza ya Mama Espérance, muuza samaki wadogo wa ndagala, ikamvunja mkono. Wengine wangesingizia upepo. Yeye alipanda pikipiki mpaka kwake, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia kwamba ile sahihi ilikuwa yake. Kipande cha nguzo ile, chenye matundu ya mchwa, hakijatoka juu ya meza ya kazi ya Mama Suzanne tangu hapo. Na tangu hapo hajapita chini ya nguzo yoyote bila kusimama na kutazama juu, hata akiwa na kitenge kipya anawahi harusi. Mama Espérance amekaa leo kiti cha mbele. Mkono wake bado haunyooki vizuri.

Basi wauzaji wa nguzo wakapata kazi. Kila mmoja huleta nguzo moja ya mfano, nzito, imepakwa zinki inang'aa, halafu lori linafuata na nyembamba. Mama Suzanne ile ya mfano hakuigusa. Alisema hiyo ni bibi harusi, kila mtu amemvalisha. Yeye anataka kuona dada zake. Alipanda ndani ya lori kwa viatu vyake vya kanisani na kuvuta ile ya chini kabisa. Vijana wa kupakua walimtania kwamba atazaliwa mara ya pili akiwa kreni.

Mwaka 2019 zikaja nguzo arobaini za barabara ya kutoka sokoni kwenda hospitali. Ya mfano ilikuwa na ukuta wa milimita nne. Zile za lori hazikufika mbili. Aliyezileta alikuwa na marafiki wakubwa, na simu zikapigwa. Mama Suzanne alikataa kutia sahihi kwa maneno yale tunayoyajua wote: "Mi siwezi tia sinyatiri kwa kitu yenye itaangukia batoto ya batu." Wakamwambia athibitishe ubaya wake. Akasimamisha moja mbele ya depo, akamwita Papa Sebatware, mfugaji wa kutoka milimani, aje na ng'ombe wake Bihogo. Siku zile watu wa milimani na sisi wa huku chini tulikuwa tukitazamana kwa pembeni, na wako waliomuuliza Mama Suzanne kama amekosa watu wa kwao. Alisema ng'ombe anayewashwa mgongo haulizi kabila la nguzo. Bihogo akasogea, akajikuna taratibu, kushoto na kulia, na nguzo ikapinda ikainamia barabara, mbele ya chef na wageni wake. Mwenye macho haambiwi tazama. Lori lilirudi na mzigo wake.

Malipo ya ujeuri huo yalikuwa miezi minane ya kupanga majalada ya zamani. Aliyapanga vizuri mno, na kila asubuhi alipitia depo kwanza. Nguzo zilizokuja badala ya zile za lori ndizo hizi mnazoziona: mwaka huu ziwa limepanda mpaka barabara ya chini, nguzo zimesimama ndani ya maji, na taa zinawaka.

Sasa neno la mwisho, na tunalisema kwa sauti. Nguzo nyingine sitini zimeshuka depo juzi. Aliyezileta aliuliza mara mbili Mama Suzanne anaondoka tarehe gani, wala hakuuliza anabaki nani. Anabaki Tania Byaombe, mimi ninayeandika haya. Miaka tisa nimeshika upande wa pili wa futi yake ya kupimia. Jana nilivuta ya chini kabisa ya rundo, nikaipima ukuta, haukufika milimita mbili. Papa Sebatware amepata habari, na Bihogo amezaa binti mwenye mgongo unaowasha vilevile, wanashuka Jumatatu. Karatasi ya kupokea mzigo iko juu ya meza, chini ya kile kipande cha Lubondja, na haina sahihi.

Mama Suzanne, aksanti kwa kila hapana yako. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na wajukuu watundu. Na siku ukitoka sokoni na ndagala zako, ufike kwenye nguzo mpya, pita tu mama, usitazame juu.