Timu Iliyopigiwa Wimbo wa Taifa kwa Makosa

Risala ya wachezaji wanawake wa kriketi wa Ngara na Biharamulo kwa mgeni rasmi, iliyosomwa na katibu wao, Secilia, katika uwanja wa shule, Mbuba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa diwani wetu. Viongozi wa dini. Walimu, wazazi na wanamichezo wenzetu. Kwa wazee wetu wote mlioketi hapa mbele, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuizunguka milima yote hii ya Ngara na kufika Mbuba katika jua la leo. Mvua ilipokatika juzi tulihofia vumbi, na vumbi umelikuta. Utuwie radhi, uwanja wetu hauna majani upande wa bondeni.

Tulikusudia kukuandalia risala ya kawaida. Tuliketi, tukaandika, tukafuta. Kila tulipofika mahali pa kueleza tulikwenda nchi ya jirani kufanya nini na tulirudi na nini, tulibishana, wengine wakanyanyuka kwenda zao. Mwishoni tukakubaliana kwamba tukusimulie yaliyompata nahodha wetu, Deodata, maana yaliyotupata sisi sote yalianzia kwake. Mwenyewe amekataa kusoma. Ameketi pale, mstari wa pili, amejifunga kitenge cha njano. Haya yote ametueleza kwa kinywa chake.

TULIVYOANZA

Deodata ni mkulima wa hapahapa Mbuba, mama wa mtoto mmoja. Kriketi hakuwahi hata kuisikia mpaka Mwalimu Desderius alipohamia shule hii akiwa na magongo mawili ya kupigia na mipira iliyochubuka. Siku moja Deodata alikuwa anapita hapa pembeni na fimbo yake ya kupuria maharage, mwalimu akamwita kwa utani.

"Dada, hebu upige huu."

Akaupiga. Ukavuka barabara, ukaingia katika shamba la mihogo, ukatafutwa na darasa zima. Kesho yake akarudi mwenyewe bila kuitwa.

Kwa wageni wasioujua mchezo wetu: mrushaji hurusha mpira akitaka kuangusha vijiti vitatu, tunaviita wiketi. Mpigaji huvilinda kwa gongo, na akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake aliye upande wa pili hukimbia kubadilishana nafasi. Kila mkimbio ni alama, na vijiti vikiangushwa mpigaji hutoka, hata akiwa bado anakimbia. Mengine mtayaona uwanjani.

Kutoka Biharamulo alikuja Kwandu, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, mwenye mkono uliokomazwa na kuwarushia ng'ombe madongo ili warudi kundini. Na kutoka Kabanga alikuja Niragira, anayeuza nyanya karibu na kituo cha mabasi. Mheshimiwa, mpira wa Niragira ukidunda hujifanya unakwenda kushoto, kisha unaingia kulia. Deodata anaweza kuupiga mpira wa mrushaji yeyote wa mkoa huu, lakini huo wa Niragira hajaupiga sawasawa mpaka leo.

SAFARI YETU

Mwaliko wa mashindano ya Rwanda ulikuja kwa simu. Mama mmoja wa chama cha kriketi cha huko alimwambia Mwalimu Desderius, "Tuleteeni timu ya wanawake ya Tanzania." Mwalimu akaelewa kuwa inatakiwa timu yoyote ya wanawake kutoka Tanzania. Yule mama alimaanisha nyingine. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisikia alichokuwa nacho moyoni.

Kabla hata hatujaondoka tulianza kupukutika. Anneth, mlinda wiketi wetu, anayedaka mipira nyuma ya vijiti, alishikwa na malaria. Mwenzetu mwingine alikuwa karibu kujifungua, na wawili waume zao walisema safari hiyo haipo. Basi lilipotoka Ngara tulikuwa kumi na mmoja, idadi ya timu kamili, bila hata mmoja wa akiba.

Mpakani tukapanga foleni. Afisa aliyekuwa dirishani alikuwa mtu mstaarabu, tunamsifu kwa hilo. Zamu ya Niragira ilipofika akamuuliza, "Kitambulisho, dada?"

"Maombi yangu bado yanashughulikiwa."

"Umezaliwa wapi?"

"Kabanga."

"Na wazazi wako?"

Niragira akamgeukia Deodata, kana kwamba swali lile ameulizwa nahodha. Mama yake ni Mhangaza, mwenyeji wa Kabanga. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, na amezeeka upande huu.

Yule afisa aliweka kalamu chini. "Dada, sisemi wewe si Mtanzania. Wala sisemi ni Mtanzania. Ninasema siwezi kukuvusha hivi ulivyo."

Deodata akamvuta Niragira pembeni. Alitaka kusema basi ligeuze, turudi wote. Akafikiria wenyeji wanaosubiri, akafikiria wenzake ambao wengi wao hawajawahi kuuvuka mto wa mpakani. Niragira ndiye aliyemwamulia.

"Nendeni. Mkirudi wote kwa ajili yangu, uso wangu nitauweka wapi?"

Akavuka barabara kutafuta gari la kumrudisha. Hakugeuka nyuma. Deodata anasema alitamani ageuke, kisha akashukuru kuwa hakugeuka, na hadi sasa hajui ni lipi alilolitaka.

Tukaingia Kigali tukiwa kumi.

Asubuhi ya mchezo wa kwanza tulipangwa mstari katikati ya uwanja ambao majani yake yalikuwa kama zulia. Fulana zetu zilikuwa za kijani na bluu, kwa sababu ndizo tulizozipata sokoni Ngara. Ghafla ukapigwa wimbo wa taifa. Wa kwetu! Bendera ya Tanzania ikapanda mlingotini. Deodata akaimba kwa sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kwandu, aliyekuwa kando yake, alikuwa analia. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akasema, "Timu ya taifa ya Tanzania!"

Deodata akamtafuta Mwalimu Desderius kwa macho. Mwalimu alikuwa amesimama mdomo wazi, kofia mkononi.

"Mwalimu, amesema nini?"

"Nimesikia ulivyosikia."

"Sasa tufanye nini?"

"Deodata, sijui. Nenda ukacheze kwanza."

Tukacheza. Mheshimiwa, tulichapwa. Wenyeji walipiga mipira mpaka tukachoka kuifuata. Mwenzetu Tecla alipokea mpira kwa ncha ya kidole, kidole kikapinda, safari yake ikaishia hapo. Kwandu aliteleza akitaka kuuzuia mmoja, kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Kila mpira ulipopita, Deodata aliitazama ile bendera. Akajiuliza: wanaochapwa ni akina nani? Kama ni sisi, sawa, tumezoea. Lakini kama ni nchi nzima?

Jioni simu zikaanza kuingia kutoka nyumbani. Picha zilikuwa zimesambaa. Wapo waliotusifu kuwa tumefika mbali. Wapo waliouliza ni nani aliyewachagua wakulima kuliwakilisha taifa. Mama mzazi wa Deodata alipiga akiuliza swali moja tu: "Mwanangu, tangu lini umekuwa timu ya taifa, na mbona hukuniambia?"

Siku ya pili, kabla ya mchezo, Deodata hakumwambia mtu. Alikwenda peke yake kwa yule mama mwenyeji wetu.

"Shikamoo, mama."

Mama yule, aliyekijua Kiswahili kwa kuishi Kagera utotoni, akacheka kwa furaha. "Marahaba, nahodha. Wachezaji wako wameamkaje?"

"Mama, sisi si timu ya taifa. Sisi ni wa Ngara na Biharamulo. Mwenye mguu mbovu ni mfugaji, na mimi ninalima maharage. Wimbo mliotupigia haukuwa wetu." Akasita. "Yaani, ni wetu. Lakini haukuwa wetu kwa namna ile."

Kicheko kikamwondoka yule mama. "Lakini ninyi ni Watanzania?"

"Ndiyo, mama. Sote tuliofika."

Anasema neno hilo, *tuliofika*, lilimtoka lenyewe, akamkumbuka Niragira.

Wenyeji wakajifungia kushauriana. Walipotoka, walikuwa na huruma lakini pia walikuwa na kanuni zao. Tungeruhusiwa kucheza, ila matokeo yetu yasingehesabiwa. Na bendera ya taifa ni ya timu ya taifa. Ikateremshwa mbele yetu, taratibu, kwa heshima, ikakunjwa. Tuliokuwa tukijifunga viatu tulisimama bila kuambiwa.

Kwandu akamjia Deodata akichechemea. "Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu alikuwa amekuuliza?"

"Hakuna."

"Umeishusha bendera ya nchi yako kwa mdomo wako mwenyewe, dada. Mimi nilikuwa tayari kuvunjika mguu wa pili chini yake." Akaondoka, na hakumsemesha tena mpaka mwisho wa mchezo.

Tulicheza siku hiyo tukiwa tisa, mmoja wetu kiwete. Hapakuwa na wimbo, wala aliyetutangaza. Na hapo ndipo tulipocheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yetu. Hatuwezi kueleza kwa nini. Wenyeji walipiga wakamaliza, tukaingia sisi kupiga, na wiketi zetu zikaanguka moja moja mpaka wakabaki wawili uwanjani, Deodata upande huu na Kwandu upande ule, wasiosemeshana. Mpira wa mwisho ulipokuja tulihitaji mikimbio miwili ili tushinde.

Deodata akaupiga katikati ya watu wawili. Wakakimbia. Mmoja! Sasa tulikuwa sawasawa na wenyeji. Deodata akageuka, akapiga kelele, "Njoo!" Kwandu akageuka naye, akapiga hatua mbili tatu, mguu ukamkataa, akaanguka katikati ya njia. Deodata tayari alikuwa anampita. Angeweza kuendelea. Akasimama, akarudi, akamshika mkono amwinue, na wakiwa bado wameshikana hivyo wiketi ikaangushwa.

Kwandu, akiwa bado chini, ndiye aliyeongea kwanza.

"Tumeshinda?"

"Sijui."

"Basi tumeshindwa?"

"Sijui, mdogo wangu. Inuka."

Ilikuwa sare. Sare isiyohesabiwa, katika mchezo wa timu ambayo haikualikwa, ya nchi ambayo bendera yake ilikuwa imekunjwa kabatini. Watu walikuja kutushika mikono, nasi tukawauliza wao wanatupongeza kwa nini.

MAFANIKIO NA CHANGAMOTO

Mheshimiwa, ni desturi vitu hivi viwili kutenganishwa. Tumejaribu, tumeshindwa. Kwamba tulipigiwa wimbo wa taifa ugenini, wengine wetu wanaliweka kwenye mafanikio. Kwandu analiweka huko mpaka leo, ingawa na Deodata wanaongea tena. Kwamba nahodha alisema kweli bila kuulizwa, wapo kijijini wanaoliita uungwana, na wapo wanaoliita kiherehere. Mama yake huliita majina yote mawili, kutegemea siku. Deodata mwenyewe hajui aliweke wapi.

Tuliporudi, kabla ya kufika kwake Mbuba, alikwenda Kabanga. Alimkuta Niragira amekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, mabasi yakinguruma. Alitaka kumwomba msamaha kwa kumwacha, lakini Niragira alimtangulia kwa swali.

"Ni kweli waliwapigia wimbo wa taifa?"

"Ni kweli. Kwa makosa."

"Wote mliimba?"

"Wengine walisahau ubeti wa pili. Tulishtuka."

Niragira akapanga nyanya zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Mimi ningeuimba wote," akasema.

Mheshimiwa, Deodata ni mtu wa maneno. Siku hiyo alipanda bodaboda akarudi nyumbani, msamaha hajauomba.

MAOMBI

Magongo tunayo ya kutosha, na mipira ikichanika tunaishona. Anneth amepona, Tecla kidole kimenyooka nusu, na mwenzetu aliyejifungua ameshaanza kurusha mpira, mtoto akiwa kivulini na bibi yake. Hatukukusudia kukuomba vifaa.

Tunaomba, kama kuna mtu mwenye kujua, atuambie siku ile ya kwanza tulikuwa nani, na siku ya pili tulikuwa nani. Tunaomba nahodha wetu aambiwe na mtu mwenye cheo kama alikosea au hakukosea, maana sisi tukimwambia haamini.

Na ombi la mwisho, Mheshimiwa. Maombi ya Niragira yapo katika ofisi zinazohusika, na hatumlaumu yeyote, tunajua mambo haya yana taratibu zake na yanahitaji uangalifu. Sheria hatuijui. Tunachokijua ni kwamba wenyeji wametualika tena, safari hii kwa jina letu wenyewe, na Deodata amewajibu kwamba timu itakuja ikiwa nzima, la sivyo yeye atabaki mpakani na atakayebaki. Hatukumtuma aseme hivyo. Lakini hakuna kati yetu aliyempinga.

Sasa hivi utaombwa ushuke uwanjani ufungue mchezo kwa kupiga mpira mmoja, kama ilivyo kawaida kwa wageni wetu. Mrushaji atakuwa dada mmoja mrefu kutoka Kabanga. Usiutazame mkono wake, Mheshimiwa, utazame mpira. Ukikupita, usione haya, hapa umempita kila mtu. Na atakapokuja kukupa mkono, tunakuomba umuulize anatoka wapi, usubiri mpaka amalize kujibu.

Mungu akulinde barabarani, aibariki kazi yako, awape uzima wote uliowaacha nyumbani, na aziangalie kwa jicho moja familia zetu zote za pande hizi za mpakani.

Ni sisi,
Wanawake wa Kriketi, Ngara na Biharamulo