Leendert Kwakernaak, Mwoka Mikate wa Meli ya Merwezicht

Ndugu, majirani, mabaharia wa zamani wa Merwezicht, na nyote mliokuja na mvua hii, mimi ni Ariaantje, mtoto wa pili wa marehemu, na kwa niaba ya familia, na kwa ruhusa ya mama yangu aliyekaa hapa mbele, naomba niwasomee maisha ya baba yetu kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo nyumbani kwetu hatukuwa tukiyasema.

Marehemu Leendert Kwakernaak alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1906 mjini Schiedam, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Huibert Kwakernaak, fundi wa kiwanda cha meli, na marehemu Maria. Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapo hapo Schiedam kuanzia mwaka 1912 hadi 1919, kisha akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza kuoka mikate, kazi aliyoishika tangu siku hiyo hadi mapafu yake yalipokataa.

Mwaka 1931 kiwanda alichofanyia kazi babu kilikamilisha meli kubwa ya abiria iliyopewa jina la Merwezicht, na tarehe 9 Mei mwaka huo baba alipanda meli hiyo kama mwoka mikate wa tatu, katika safari yake ya kwanza kutoka Rotterdam kwenda Batavia. Ilikuwa meli ya kifahari, nyeupe, yenye abiria mia sita, kinanda kikubwa katika ukumbi wa daraja la kwanza, na chumba cha kuchezea watoto kilichochorwa bata na sungura ukutani, na baba alikuwa akituambia kwamba miaka ile alioka keki nyingi kuliko mikate, kwa sababu matajiri hawashibi, wanaonja tu.

Tarehe 17 Juni 1936 alifunga ndoa na Jannigje Stolk katika kanisa hili hili la Delfshaven, meli ikiwa bandarini, na keki ya harusi aliioka mwenyewe katika tanuri la meli, akaibeba mikononi hadi hapa kwa miguu, maana hakumwamini mtu wa tramu. Tarehe 12 Machi 1938 Mungu aliwajalia binti, Teuntje, ambaye baba alimwona mara saba tu, kila meli iliporudi, na mara ya mwisho ilikuwa Februari 1940, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili.

Mei 1940 Wajerumani walipoivamia nchi yetu, Merwezicht ilikuwa Batavia. Tarehe 14 mwezi huo Rotterdam ilipigwa mabomu, nyumba yao ikateketea, mama na Teuntje wakaokoka na nguo walizovaa tu, wakapata chumba ghorofa ya tatu kwa jirani yetu Bibi Pleuntje, na baba alikaa miezi mitano bila kujua kama wako hai. Mabaharia wetu hawakuruhusiwa kurudi, wala hapakuwa na njia ya kurudi. Agosti mwaka huo meli ilipelekwa Sydney kugeuzwa kuwa ya kubebea askari, mazulia yakaviringishwa, kinanda kikashushwa kwa winchi, vitanda vya ghorofa nne vikafungwa palipokuwa na meza za chakula, mizinga ikawekwa nyuma, ubavu mweupe ukapakwa rangi ya kijivu, na abiria mia sita wakawa askari elfu tatu na mia sita. Baba, ambaye sasa alikuwa mkuu wa waokaji, alioka mikate elfu mbili kila siku, akiwalisha vijana wa Australia, wa New Zealand, wa India na wa Uingereza hadi Suez, Bombay, Durban na Sisilia.

Tarehe 21 Julai 1943 bomu liliipata meli karibu na pwani ya Algeria, wakafa askari thelathini na wanane, na kile chumba cha watoto, ambacho kilikuwa kimefanywa cha wagonjwa, kilijaa majeruhi mpaka mlangoni, baba akiwa miongoni mwa waliowabeba. Meli haikuzama. Ilitengenezwa ikaendelea.

Habari za nyumbani zilimfikia kwa fomu za Msalaba Mwekundu, maneno ishirini na tano tu, zikichukua nusu mwaka njiani, na ya mwisho aliipokea Bombay, Septemba 1944, ikisema kwamba wote ni wazima, na Teuntje ameanza shule, anajua kuandika jina la baba yake.

Majira ya baridi yaliyofuata wengi wenu mnayakumbuka. Chakula kiliisha mjini, watu wakala mizizi ya maua ya bustani, ile iliyo kama vitunguu, na mwishoni mwa Januari 1945 mama alifunga mashuka yake ya mwisho juu ya kigari cha mtoto, akatembea siku tatu kwenda mashambani kuyabadilisha kwa nafaka, akimwacha Teuntje kwa Bibi Pleuntje kwa kuwa mtoto hakuwa na nguvu za kutembea. Aliporudi na nusu gunia la shayiri, tarehe 4 Februari, Teuntje alikuwa amefariki tangu jana yake, akiwa na miaka sita. Mbao hazikuwepo, akazikwa kwa jeneza la kuazima.

Barua ya kumjulisha baba ilifuata meli kutoka bandari moja hadi nyingine na haikumpata. Tarehe 11 Oktoba 1945 alipanda ngazi za nyumbani akiwa na makopo ya maziwa, chokoleti, na viatu vyekundu alivyonunua Durban kwa kukisia mguu wa mtoto wa miaka saba. Mama alimwambia pale pale mlangoni. Baba akaweka mzigo chini, akauliza, “Na wewe ulikuwa wapi?”

Mama akajibu, “Nilikuwa njiani, Leen, namtafutia chakula.”

Hawakuongea tena siku ile. Alikaa nyumbani siku kumi na tisa, akarudi melini. Nilizaliwa mimi tarehe 22 Mei 1948, lakini nimekua na baba wa likizo, anayefika, anakarabati madirisha, anaondoka, na sikujua sababu.

Kuanzia 1946 Merwezicht ilipeleka vijana wetu kwenye vita vya Java, koloni letu lililokuwa likidai uhuru, na baba alisema walikwenda wakiimba na kurudi hawali. Aprili 1951 ilileta hapa Rotterdam askari wa kisiwa cha Ambon waliopigana upande wetu, na familia zao, watu walioondoka kwao wasirudi tena, na katika safari hiyo baba alimwona binti mdogo akificha kipande cha mkate ndani ya nguo. Tangu asubuhi iliyofuata alioka tanuri moja la ziada, akawagawia watoto wote saa nne, kinyume cha amri. Msimamizi wa chakula, ambaye nimeombwa nisimtaje, alimwita mbele ya wenzake akamwuliza, “Kwakernaak, hawa ni watoto wako?”

Baba akamwambia, “Wangu sikumlisha. Andika jina langu, mkate hautarudi stoo.”

Jina liliandikwa. Alishushwa cheo, na miaka minane iliyobaki alifanya kazi chini ya kijana ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuoka, bila kulalamika. Mwaka 1959 meli iliuzwa kwenda kuvunjwa Hong Kong, naye akaomba kuisindikiza, akaondoka kabla hawajaanza kukata, kisha akafanya kazi katika duka la mikate hapa Delfshaven hadi 1971, alipozidiwa na kikohozi.

Tarehe 15 Septemba mwaka huu wa 1973 alilazwa hospitali. Tarehe 23 Oktoba, mimi nikiwapo, aliomba mama asogee karibu, akamwambia, “Jannigje, swali lile la mlangoni, sikuwa na haki ya kuliuliza. Miaka ishirini na minane nimekimbia jibu lako.”

Mama akasema, “Mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo kila siku, Leen. Ungebaki tukajiuliza wote wawili.”

Mama akamshika mkono, na kuanzia siku hiyo walizungumza juu ya Teuntje, mama akimweleza alivyokuwa akicheka, alivyoogopa farasi wa gari la maziwa, mambo ambayo baba hakuwahi kuyasikia. Walipata siku kumi na nne. Baba alifariki tarehe 6 Novemba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani tunaotumia nao ngazi moja, waliotuletea supu kila jioni, wenzake wa duka la mikate, mabaharia waliobeba jeneza, na familia za Ambon zilizosafiri asubuhi hii kutoka kambini walikowekwa tangu waliposhuka melini, ambazo hatukuzialika kwa kuwa hatukujua kwamba zinamkumbuka.

Baba, pumzika kwa amani, mama anasema atakuja taratibu, usimngoje mlangoni.