Mzee Jabiri na Viti Saba vya Utulivu

Mzee Jabiri Abubakar, dereva wa basi la shule yetu hapa Kabati, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 24 Novemba 1989, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Katika muda huo amebeba wasichana wengi, maharagwe mengi zaidi, na kwaya iliyofika mashindanoni bila sauti.

Kosa lilikuwa la basi. Kwenye changarawe ya kwenda Wote vioo viligongana, sakafu ilinguruma, nasi tulizungumza kwa kupayuka. Tulipopanda jukwaani, tulianza kwa kukohoa. Tulishika mkia miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu mwalimu mkuu, Madam Kasyoka, alitangaza kwamba tukishindwa tena, kwaya haitatoka tena Kabati.

Mzee Jabiri alikuwa amebakiza miezi michache tu. Angeweza kuendesha na kunyamaza. Badala yake aliazima saa ya kengele ya matroni wetu, Bi. Ndila, akaifunga kwa sweta mbili ili isilie sana, akaiweka kwenye kiti cha nyuma kabisa. Basi likiwa barabarani, Syokau wa sauti ya kwanza alisogea mbele kiti kwa kiti, akasimama pale ambapo hakuisikia tena. Siku hiyo ya kwanza alifika kiti cha pili tu. Mzee aliposimamisha gari aliandika kwa chaki juu ya usukani, kisha katika daftari lake: "Viti viwili." Kelele za basi zikipungua, viti vingeongezeka.

Bahati mbaya alisahau kurudisha saa. Jumapili shule nzima ililala hadi saa mbili, huku kengele ikilia peke yake ndani ya basi. Bi. Ndila alipokuja kumkaripia, Mzee alimuuliza kwa upole, "Kwani mama, hukuisikia kabisa ukiwa bwenini?" Alitaka kuandika kipimo.

Aliendelea jambo moja moja, na kila mara alipima upya. Alikata tyubu kuukuu, akabana vioo: viti vitatu. Alitandika magunia ya katani chini ya mpira wa sakafu: viti vinne. Kisha aliinama chini ya kiti cha nyuma na kugundua kwamba kelele kubwa kuliko zote ilikuwa jeki yake mwenyewe, iliyokuwa ikirukaruka humo tangu mwaka 1966. Aliifunga kwa gunia. Viti saba! Aliomba tusimwambie mtu kuhusu jeki, nasi tumejitahidi mpaka leo.

Siku ya mashindano Madam Kasyoka alikaa mbele. Sisi, kwa mazoea ya miaka, tulidhani hakuna anayetusikia.

"Hebu ona kofia yake," Syokau alisema. "Kuku akiiona atataga."

"Na leo ameivaa mbele nyuma," Nthenya aliyekaa naye akajibu.

Madam aligeuka polepole. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa vizuri, kisha akatutazama sisi. Kuanzia hapo hadi Wote hakuna msichana aliyefungua mdomo. Tulishuka na sauti zetu zote, tukaimba kama tulivyofundishwa, tukashika nafasi ya pili. Kwaya ikabaki.

Wengine wanasema ni tyubu na magunia yaliyotuokoa, wengine wanasema ni woga. Mzee Jabiri alipoulizwa, alijibu, "Mimi niliondoa kelele ya barabara. Hiyo nyingine Madam aliiondoa mwenyewe."

Mzee ni Mwislamu, lakini anajua ubeti wa tatu wa kila wimbo tunaoimba kanisani, na hutukosoa tukiuruka. Daftari lake la vipimo ameliachia maabara ya fizikia. Mmoja wetu ameanza kulisoma, na anatumaini siku moja kutengeneza gari ambalo halihitaji magunia.

Asante, Mzee wetu, kwa safari zote na kwa sauti zetu. Bi. Ndila anakupa ile saa iwe yako, ameshanunua nyingine na kuifungia kabatini. Upumzike salama na jamaa zako, na utulivu wa nyumbani kwako ufike viti vyote kumi na viwili vya basi, hadi mbele kabisa.