Bwana Ndoo na Moto wa Mdogo Wake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mama muuza maziwa. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba, waliyepishana miaka kumi na minne. Marehemu alimbeba mgongoni na kumfundisha baiskeli. Mumwie radhi sauti ikikwama. Sababu ipo, na itasemwa humu humu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Akiwa darasa la nne, jiko la shule liliungua mchana kweupe. Ndoo zilikuwepo, tena mpya, ila mwalimu mkuu alikuwa amezifungia ofisini zisiibwe, naye ameondoka na ufunguo. Watoto wakahangaika na vikombe vya chai mpaka paa likaanguka. Marehemu alikisimulia kisa hicho kwa kicheko, halafu ghafla anakukazia macho: “Na wewe, ndoo yako iko wapi?” Jina likaanzia hapo. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976.

Aliajiriwa katika kikosi cha zimamoto tarehe 2 Januari 1979, akastaafu mwaka 2013. Wenzake wanasema alizima mioto mingi, lakini mwenyewe alijivunia ile ambayo haikuwaka. Kustaafu hakukumtuliza. Kila mwaka nyasi zikianza kukauka, alipita nyumba kwa nyumba akipima kwa miguu yake: hatua kumi za ardhi tupu kuzunguka kila nyumba. Usichome takataka upepo ukivuma. Majivu yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena, kisha yaguse kwa mgongo wa mkono. “Mkono ukikataa,” alisema, “moto bado upo.” Mvua zikianza alihamia barabarani na kizibao chake cha njano kinachong’aa, akiwavusha watoto wa shule na kuwasimamisha waendesha pikipiki wasiowasha taa. Hakulipwa hata soda.

Mdogo wake ndiye aliyemcheka kuliko watu wote. “Kaka, hivi kweli umestaafu? Au hata kuku wako wanaomba kibali cha kuvuka barabara?” Marehemu alicheka pamoja naye, kisha akaendelea kuhesabu hatua zake.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa na cherehani karibu na kituo cha zimamoto. Kabla ya kukaa mezani siku ya harusi, alikusanya mishumaa yote iliyokuwa karibu na mapazia, akaizima mmoja mmoja. Bibi harusi akamuuliza mbele ya wageni, “Leo unanioa mimi au unaoa mapazia?” Ukumbi mzima ukacheka. Wamekaa miaka arobaini, wamejaliwa binti mmoja, muuguzi, na kijana mmoja, dereva wa lori. Binti anasema baba hakuwahi kuwaaga bila kuuliza kama wamefunga mkanda.

Sasa tunafika kwenye kifo chake, na hapa mdogo wake anaomba mvumilie.

Mwezi Machi mwaka huu mdogo wake aliazima kile kizibao cha njano. Alikivisha kinyago cha kutishia ndege shambani kwake, kando ya barabara kuu, maana kizibao kinang’aa. Alipoulizwa atakirudisha lini alijibu “kesho, kaka.” Kesho ile ilichukua miezi mitano. Siku ya Ijumaa tarehe 9 Agosti, marehemu alimkuta anakusanya mabua ya mahindi, akamwambia, “Upepo huu, mdogo wangu, hapana. Ngoja utulie.” Akaitikia, “Sawa, kaka.” Kesho yake saa nane mchana, kiberiti mkononi, akayachoma.

Moshi ukafunika barabara. Marehemu aliuona akiwa uani kwake, akaita, “Kizibao changu kiko wapi?” Mkewe akajibu, “Si kiko kwa mdogo wako!” Akatoka na shati lake la kijivu. Pale kwenye kona alisimamisha basi lililojaa abiria, akasimamisha lori. Gari la tatu, dogo, halikumwona. Dereva wake yumo humu msibani, na familia inaomba asinyooshewe kidole.

Alilazwa siku kumi na moja, amevunjika mguu na mbavu, moshi umemwingia mapafuni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani, aliyevunjika hapa ni mkuu mwenyewe. Kila mdogo wake alipoingia wodini, aliulizwa swali moja: “Majivu umeyagusa?” Akajibu, “Nimeyagusa, kaka.” Alikuwa hajakanyaga shambani tangu siku ile. Watu aliwaambia kuna mpita njia aliyetupa sigara. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Ratiba ya kwanza ya mazishi ilichapwa ikisema moto ule “chanzo chake hakikujulikana.” Chanzo kinajulikana. Chanzo ndicho kinachowasomea. Juzi mdogo wake alimpelekea shemeji yake, mjane wa marehemu, ile ratiba, akashindwa kumtazama usoni, akamweleza yote. Shemeji akasema, “Nilijua. Ijumaa ile kaka yako aliniambia amekukataza kuchoma mabua, na kizibao nilikiona shambani kwako nikipita. Lakini kusema useme wewe, mimi sikusemei.” Ndiyo maana ratiba mliyoshika ni mpya. Aibu hii ni ya mtu mmoja. Mjane na watoto hawamo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada wawili, kaka mmoja, na huyu mdogo wake. Tutakapovuka barabara kuu kuelekea makaburini, tafadhali ngojeni pembeni mpaka muonyeshwe ishara. Atakayesimama mbele ya magari na kile kizibao ni huyo huyo mdogo wake.

Leo asubuhi alikwenda shambani na ndoo. Majivu yamepoa siku nyingi, lakini aliyamwagia, akayakoroga, akayamwagia tena, akainama. Anaomba kulijibu lile swali kwa mara ya mwisho, mbele yenu nyote: Kaka, nimeyagusa. Safari hii ni kweli. Pumzika.