Mwalimu Kokushubila na Picha Nne za Mvua

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Kokushubila Rwegasira anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha, ishirini na mitatu kati ya hiyo akiwa hapa Bunju. Miaka yote amekaa na Darasa la Kwanza na la Pili. Mara mbili aliambiwa apande kufundisha Darasa la Sita, na mara mbili alikwenda ofisini kuomba aachwe na watoto wake wadogo. Mara ya tatu hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Alizaliwa Muleba, akaajiriwa mwaka 1989 na kupangiwa shule moja ya Manzese. Huko alikuta watoto mia moja na kumi na kitabu kimoja cha picha. Waliokaa nyuma hawakuona kitu. Siku moja alichukua mkasi, akakikata kitabu kile ukurasa kwa ukurasa, akabandika kila picha kwenye kipande cha boksi, akawapa watoto wazishike mbele ya darasa na kujipanga wenyewe: nani aanze, nani afuate, nani amalize. Waligombana kwa raha kipindi kizima. Jioni akaandikiwa barua ya kujieleza kwa kuharibu mali ya shule. Alijibu kwa mistari miwili, kwamba kitabu hakijaharibika, ila sasa kinasomwa na darasa zima. Nakala ya jibu hilo anayo mpaka leo.

Mimi nilifika hapa mwaka 2011, nikapewa Darasa la Tatu, chumba kinachofuata chake. Wiki ya kwanza nilisikia kelele nikaenda kuchungulia. Mtoto mmoja ameshika kitabu cha picha, Mwalimu amekipa mgongo, anachora ubaoni kila anachoambiwa, na hachori asichoambiwa. Mtoto akasema mbuzi ana miguu. Mwalimu akachora miguu sita juu ya mgongo.

"Sio hapo, Mwalimu! Chini ya tumbo!"

"Mingapi? Mie sijamuona huyo mbuzi."

Mkaguzi aliyekuja mwaka ule alikaa nyuma na daftari lake, na baada ya dakika kumi naye alinyoosha mkono kudai kwamba mbuzi hajapewa mkia. Ndivyo watoto wetu walivyojifunza kuandika maelezo. Neno "nzuri" lilipigwa marufuku chumbani kwake. Ukiandika kwamba nyumba ni nzuri, daftari linarudi na swali: nzuri vipi?

Lakini jambo ninalotaka libaki kwenye jarida hili la shule ni la mwaka 2013, nami naliandika kwa ruhusa yake.

Mwaka huo Darasa la Pili lilikuwa na mtoto aitwaye Shamimu. Alikuwa hodari kusoma, ila mazoezi ya kupanga picha ziwe hadithi alikuwa akikosa. Mwalimu aliweka mkasi, ile alama ya kukosa. Wiki iliyofuata mkasi mwingine. Baadaye Shamimu aliacha kabisa kuandika, na kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka akarudisha karatasi tupu. Jina lake likaingia kwenye orodha ya watakaokariri darasa, na Mwalimu Kokushubila mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Mama yake alikuja naye shuleni, amefunga kanga kiunoni, ametoka sokoni. Hakufoka. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Mie sijaja kugombana. Huyu nyumbani anasimulia mpaka tunamwambia apumzike. Sasa nataka kujua, hapa shuleni anapatwa na nini?"

Mwalimu akalitoa daftari la Shamimu na kulifungua mbele yao wote wawili. Zoezi lilikuwa na picha nne: wingu jeusi, mvua inanyesha, maji yamejaa ndani ya nyumba, na godoro na vyombo vikiwa nje juu ya meza. Jibu la kitabu lilikuwa hivyo hivyo, vyombo mwisho. Shamimu alikuwa ameviweka vya pili, baada tu ya wingu.

"Kwa nini uliweka vyombo hapa?" Mwalimu akauliza. Ananiambia kwamba alipouliza hivyo ndipo alipogundua hajawahi kumuuliza.

Mtoto akamtazama mama yake kwanza. "Mama akiona wingu upande wa Mabwepande, tunatoa vitu. Tunapeleka kwa mama Rogers, kule juu. Mvua ikija vitu havipo."

"Lakini hapa labda wanavianika, maji yameshaingia."

"Mbona godoro kavu, Mwalimu?"

Mwalimu akaisogeza picha karibu na macho. Godoro lilikuwa kavu. Jua halikuchorwa, wala tone la maji. Shamimu, anayekaa bondeni, alikuwa ameitazama picha ile kwa makini kuliko mwalimu wake.

Mwalimu Kasimiri, mkuu wa shule wakati huo, alikuwa ameshasaini orodha. Alisema haiwezi kubadilishwa. Mwalimu Kokushubila akamjibu, "Kosa ni langu, si la mtoto. Naomba dakika tano umsikilize." Shamimu akaingia ofisini, akasimulia. Mkuu akamuuliza maji yalikuwaje.

"Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa," akasema. "Yalikuwa yanasukuma ndala za baba, moja imetangulia, moja inaifuata, mpaka mlangoni."

Mwalimu Kasimiri akachukua karatasi mpya akaandika orodha upya kwa mkono wake. Kesho yake Mwalimu Kokushubila alisimama mbele ya darasa lake akasema wazi, "Nilimkosesha Shamimu, na aliyekosea ni mie." Januari mtoto huyo alikuja chumbani kwangu, na sikuwa na la kumfundisha kuhusu maji.

Wengine tungeishia hapo, tukafurahi. Yeye alikwenda kutafuta madaftari ya zamani na orodha za miaka ya nyuma. Akamkumbuka Brightson, aliyekariri Darasa la Pili kwa sababu kama zile, na ambaye wakati huo alikuwa Darasa la Tano. Akamwita, akamwonyesha picha za zamani, akamuuliza alikuwa amezipanga vile kwa nini.

"Picha sizikumbuki, Mwalimu," Brightson alisema. "Nakumbuka tu mdogo wangu alinikuta darasani, tukawa tunakaa dawati moja."

Mwalimu Kokushubila alituambia maneno hayo kwenye kikao cha walimu, amesimama, na hakujitetea. Alimwomba Brightson msamaha. Kijana alisema ameshasahau, naye hakumwamini. Tangu siku hiyo hapa shuleni hakuna anayeweka mkasi kwenye zoezi la picha kabla ya kumuuliza mtoto sababu. Agizo hilo halikutoka ofisi yoyote. Lilitoka kwake.

Novemba iliyopita, orodha yake ya mwisho ilikuwa na majina kumi na moja. Alikaa na kila mtoto peke yake, picha mezani, asubuhi tatu mfululizo. Watatu walitoka kwenye orodha. Wanane walibaki, maana walihitaji kweli kurudia, na kila mmoja aliambiwa na yeye mwenyewe, mzazi akiwa pembeni, kwamba mwaka unaokuja atakuwa naye.

Ndiyo maana Juni hii inatuuma. Wanane hao wapo chumbani kwake sasa hivi, na ameshatukabidhi karatasi yenye majina yao na kile ambacho kila mmoja alimweleza. Mwalimu Kokushubila, asante kwa karatasi hiyo. Tutawauliza kama ulivyowauliza. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na kengele.

Felicitas, Darasa la Tatu