Kabla Msajili Hajakabidhi Muhuri

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakubwa wa ofisi hii ya ardhi, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wa mtaa wa nyuma, na wewe Msajili tunayekuaga leo, hamjambo. Nimeshasalimu, sasa nigombeze. Nyinyi watu wa ofisi mlipotelea wapi muda wote huu? Dirisha lenu lile linatazama kamba yangu ya nguo. Rangi ya shuka zangu mnaijua, lakini kuja kupiga hodi kwangu ilikuwa safari ya ng'ambo. Sisi ndio tuliokuja na kurudi, mpaka mlinzi wa getini anatuita mashemeji.

Shule sikwenda, lakini kosa lenyewe halihitaji shule. Mpima ardhi alipokuja mtaani kwetu alianza kuhesabu kisimani, kisima kikawa kiwanja cha kwanza. Karani wa kuandika majina akaanzia mlangoni kwangu, jirani wa kisima, nami nikawa mtu wa kwanza. Hawakuulizana. Hati zikatoka kwa kufuata namba hizo, tukapiga vigelegele, tukazifungia kabatini. Kumbe kila mtu kapewa mali ya jirani yake. Mimi nina kisima. Nyumba yangu ni ya fundi cherehani, ya fundi ni ya mkunga, na vivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa, ambako seremala analala katika nyumba isiyo ya mtu.

Nilipokuja kulalamika, kijana mmoja mwenye tai aliniambia kwa upole kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mimi sina nyumba. Nikamwambia basi njoo uteke maji, mwenye kisima nimekuruhusu.

Tukaambiwa hati zote zibadilishwe siku moja, sote tukiwepo, maana ukimsogeza mmoja peke yake nyumba moja itakuwa na wenyewe wawili. Sawa. Siku ya kwanza seremala alikuwa safarini. Siku nyingine mkunga aliitwa kuzalisha, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri foleni. Tulipopatikana wote, muhuri ulikuwa umefungiwa na mwenye ufunguo yuko likizo. Hivi jamani, muhuri nao huenda likizo?

Msajili, wewe nakusifu, na sifa zangu hazitoki ovyo. Wewe ndiye uliyeacha kiti, ukavua viatu kwa ajili ya tope, ukasimama kisimani ukahesabu kwa kidole mpaka kwa seremala. Ulicheka. Kisha ukakaa kwenye ukingo wa kisima, ukaomba maji ya kunywa. Ukaziandaa hati mpya zote, zimebaki sahihi zetu na muhuri wako tu. Swali langu ni moja: waliokutangulia hawakuwa na miguu?

Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi cherehani yule pale, amekaa na binti yake, shuka magotini. Mnaona alivyokonda. Nilipokwenda kumwangalia hospitali alinishika mkono akasema, "Dada, sitaki kufa na nyumba yako mfukoni." Nikamwambia, mdogo wangu, basi usife mpaka ofisi ifunguliwe. Tukacheka, kisha nikatoka nje nikalia. Kwa sababu akiondoka leo, nyumba niliyozalia wanangu inaingia kwenye mirathi yake. Wanawe ni watoto wangu, siwaogopi. Ninayemwogopa ni mgeni atakayeuziwa huko mbele, aje na hati halali mkononi, aniulize natafuta nini jikoni kwake.

Mheshimiwa, mtaa wote uko humu ukumbini. Niliwaambia kuna chakula kizuri, na sikudanganya, ila chakula kitangoja. Mkunga nimemkalisha karibu yangu, seremala nimemshikilia koti. Muhuri ni wa mzee huyu mpaka atakapoukabidhi jioni. Leteni meza hapa mbele, muanze na fundi, asisimamishwe, mpelekeeni hati alipo. Mimi wino nitapaka dole gumba, nilishalinawa.

Nawashukuru kwa kunivumilia, maana najua mlitarajia bibi wa kuombea heri tu. Heri nawaombea pia. Na wewe Msajili, ukishapumzika uje kututembelea, usiulize njia kwa mtu. Nenda moja kwa moja kisimani, ule mlango wa kwanza usukume, uingie. Ni wangu.